Kioo Kilichogoma: Utangulizi kwa Anayeanza Kujifunza Vioo vya Umeme

Ukitaka kujua kioo cha mlango wa gari kinafanya kazi ngumu kiasi gani, panda siku moja gari la watalii kutoka Arusha. Hadi lango la Loduare, pa kuingilia Ngorongoro, ni lami na hakuna la kusimulia. Baada ya hapo lami inakwisha. Dereva ameshusha kioo ili upepo uingie. Mbele linatokea wingu la vumbi, gari jingine linakuja. Anavuta swichi, kioo kinapanda. Magari yanapishana; anabonyeza, kioo kinashuka. Baada ya dakika mbili, wingu jingine. Kwa kuwa Tanzania tunaendesha kushoto na usukani uko kulia, gari linalokuja hupita upande wa dereva, na kioo chake ndicho kinacholimeza lile vumbi. Kila kinapozama mlangoni kinakwenda na chembe zake.

Halafu siku moja kinagoma. Kimeshuka, hakipandi, na mawingu ya masika yamekwisha kuufunika Mlima Meru.

Karibu, msomaji. Utangulizi huu nimemwandikia mtu ambaye hajawahi kufungua mlango wa gari kwa ndani: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, dereva aliyechoka kuambiwa “mota imekufa, leta hela”, au yeyote mwenye shauku ya kujua. Kwa muda wote niliofundisha umeme wa magari hapa Arusha, somo langu la kwanza halijawahi kuwa injini wala taa. Ni kioo. Wanafunzi hushangaa, na wengine hununa kidogo, maana walikuja kujifunza mambo makubwa. Lakini ndani ya mlango mmoja kuna kila kitu ambacho umeme wa gari unacho: chanzo, mlinzi, mtoa amri, njia, mfanyakazi na mzigo. Atakayeuelewa mlango hatapata shida na wipa, feni ya rejeta wala kufuli za umeme, kwa kuwa wote hao ni ndugu wa tumbo moja.

Nikutoe hofu kwanza. Umeme wa gari dogo ni wa volti 12, na mkono mkavu hata hauusikii. Hautakurusha kama ule wa nyumbani. Hatari yake iko kwingine: betri inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo, na pete au spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja hupata moto kabla hujaiachia. Vua pete na saa. Kioo nacho kina nguvu ya kuumiza vibaya. Usiingize mkono ndani ya mlango ilhali mtu mwingine ameshika swichi. Chomoa fyuzi, ndipo uingize mkono. Ukiyashika hayo mawili, kazi hii ni raha.

Tuanze na maneno matatu: volti, ampea na upinzani. Aliyekulia kwenye miteremko ya Meru hahitaji kitabu kuyaelewa, kwa sababu ameona mifereji ikichimbwa kumwagilia migomba na kahawa. Maji hushuka kwa kuwa chanzo kiko juu ya shamba. Tofauti hiyo ya kimo inayoyasukuma ndiyo volti. Kiasi cha maji kinachopita mbele yako kwa sekunde moja ndicho ampea. Matope, mawe na mizizi iliyoubana mfereji ndiyo upinzani, nao hupimwa kwa omu. Jina hilo limetokana na Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyechapisha mwaka 1827 kanuni tunayoitumia mpaka leo: gawanya volti kwa upinzani, upate ampea. Uweke mfereji huo akilini. Tutaurudia, kwani ndani yake limejificha kosa linalowafanya mafundi wengi wamalize fedha za watu bure.

Sasa tufuate safari yenyewe. Umeme unatoka kwenye betri na kupita kwenye fyuzi, yaani kipande chembamba cha madini ndani ya plastiki ya rangi, kilichowekwa makusudi kiungue kabla nyaya hazijaungua. Ya vioo mara nyingi ni ya ampea 20 au 30. Magari mengi yana pia rilei. Hii ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole: ukiwasha ufunguo, sumaku ndogo ndani yake huvuta bati na kuuruhusu umeme mwingi kwenda milangoni. Ndiyo maana katika magari mengi vioo hulala ufunguo ukizimwa. Kutoka hapo umeme unafika kwenye swichi kuu, ile yenye vitufe vya milango yote iliyo mlangoni kwa dereva, na mafundi wetu huiita masta. Masta inaugawa kwa nyaya zinazopita kati ya bodi na mlango ndani ya mpira uliokunjwakunjwa kama kodiani. Nyaya zinafika kwenye mota, na mota inaendesha mashine ya kioo. Mashine ndilo jina utakalolikuta madukani la mtambo unaobeba kioo. Ziko za mkasi, zenye mikono ya chuma inayofunguka na kujifunga, na ziko za kebo, ambamo waya wa chuma huvuta kioo kama ndoo ya kisimani.

(Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Kampuni ya Packard ya Marekani ilipotoa gari lenye vioo vya kujiendesha mwaka 1940, ilitumia shinikizo la mafuta yaliyosukumwa na pampu ya umeme. Fikiria kuvuja kwake.)

Sasa tumefika mahali ambapo wanafunzi wangu huanza kukuna vichwa. Mota ya kawaida ya kioo inaendeshwa kwa nyaya mbili tu. Mgeni hudhani mmoja ni wa kupanda na mwingine wa kushuka. Sivyo. Zote mbili hutumika kupandisha, na zote mbili hutumika kushusha. Kinachobadilika ni mwelekeo: peleka chanya kwenye waya wa kwanza na hasi kwenye wa pili, mota itazunguka upande mmoja, zibadilishe, itazunguka upande wa pili. Kazi ya kuzibadilisha ni ya swichi. Swichi isipoguswa, nyaya zote mbili zimelala kwenye hasi, yaani zimeunganishwa na bodi ya gari, ambayo gereji tunaiita ethi. Ukivuta kupandisha, waya mmoja unanyanyuliwa kutoka kwenye ethi na kupewa moto, kama mafundi wanavyoita umeme wa chanya; wa pili unabaki palepale, uwe njia ya kurudia. Ukibonyeza kushusha, zamu zinageuka.

Usipite hapa mbiombio. Tuseme kioo cha dereva kinashuka vizuri, lakini ukikipandisha hakitikisiki na husikii hata mlio. Je, waya wa mota umekatika? Hapana, waya huohuo umetumika sasa hivi kukishusha. Mota imekufa? Imezunguka mbele ya macho yako. Fyuzi imeungua? Kisingeshuka. Anayebaki kizimbani ni swichi, upande wake mmoja, na umemfikia bila kulegeza skrubu hata moja. Magari mapya yenye kompyuta ndogo ndani ya mota yana hila zake, lakini kwa haya tunayoyaona kila siku Kilombero na Sakina, hapa Arusha, hoja hiyo inasimama.

Ndiyo maana huwaambia vijana wangu wasikimbilie kilichokufa. Wakiulize kwanza kilicho hai. Kila kitu kinachofanya kazi kinawaondoa washukiwa kadhaa kwa mpigo. Vioo vitatu vinapanda na kimoja hakipandi? Betri na rilei wako huru, na mara nyingi hata fyuzi, ingawa yapo magari yenye fyuzi ya kila mlango. Vioo vyote vinne vimekufa saa ileile? Mota nne hazifi pamoja. Nenda kwenye fyuzi, rilei, masta au ethi yake. Kioo cha nyuma kinakubali kwa swichi yake na kinakataa kwa ile ya dereva? Mota na mashine yake ni wazima, usiwaguse.

Kioo cha abiria kina fumbo jingine ambalo hakuna anayeweza kulibahatisha. Katika magari mengi ya Kijapani, swichi ya abiria haina ethi ya kwake. Njia yake ya kurudia inapita ndani ya masta ya dereva. Kwa hiyo masta ikichoka, kioo cha abiria kinaweza kugoma hata ukikiamuru kwa swichi yake chenyewe, na fundi asiyelijua hilo atabadilisha swichi isiyo na kosa. Kipo pia kitufe cha kufungia vioo, chenye mchoro wa kioo kilichokatwa kwa mstari. Kiliwekwa kuwalinda watoto. Dereva hukigusa bila kujua akifuta vumbi, na siku ya pili anakuja gereji na vioo vitatu “vibovu”. Nimewahi kununuliwa soda kwa kukibonyeza kitufe hicho mara moja, na nikainywa.

Basi gari limekuja. Weka bisibisi chini. Zima redio, funga milango, washa ufunguo bila kuwasha injini, uiwashe taa ya ndani ya gari. Sasa amuru kioo, ukitazama taa na kutega sikio mlangoni. Kama kuna kimya na taa haikutikisika, umeme haupiti: tafuta kwenye fyuzi, swichi, nyaya, au kwenye mota iliyokatika kwa ndani. Kama kioo hakisogei lakini taa inafifia kidogo kila unapobonyeza, habari ni tofauti kabisa. Taa imefifia kwa sababu kuna mtu anavuta umeme mwingi, na mtu huyo ni mota. Swichi imetii, nyaya zimepitisha. Mota inasukuma na kuna kinachoizuia. Katika sekunde tano umejua kama tatizo liko kwenye amri au kwenye mzigo. Mwanzoni jaribio hili litaonekana kwako dogo mno. Mimi silifanyi kuwa la pili hata leo.

Upo mlio wa tatu, wa mota inayonguruma kwa furaha huku kioo kimetulia. Huu unatupeleka ndani ya mota yenyewe. Mle kuna skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu lenye meno, mara nyingi la plastiki. Skrubu inaweza kulizungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Kwa hiyo kioo kizima hakishuki kwa kusukumwa na viganja, na mwizi naye anajua hivyo. Kama chako kinashuka kwa kusukumwa, au kimedondoka chenyewe mlangoni, mita ya umeme iache kwenye sanduku: kebo imekatika, meno yameliwa, au kioo kimechomoka kwenye kishikio chake. Kebo huanza kwa kutoa sauti ya kukwaruza wiki kadhaa kabla, na wenye magari huiongezea sauti redio.

Lakini malalamiko ninayoyasikia kuliko yote hapa kwetu ni ya kioo kinachopanda kwa kujikokota, kikifika katikati kinasimama kupumzika. Hapa inabidi tuutazame mlima. Meru, wenye mita 4,562, ni volkano. Ililipuka kwa mara ya mwisho mwaka 1910, na udongo wa miteremko yake ni majivu na lava iliyooza kwa karne nyingi. Migomba inaupenda. Mpira wa kioo hauupendi. Chembe za majivu ya volkano ni vipande vidogo vya madini na vya kioo cha asili, vyenye kingo kali. Kandokando ya dirisha, kioo hupita ndani ya mfereji wa mpira uliotandikwa manyoya laini ili kiteleze. Manyoya yale hulikamata vumbi. Umande na mvua vikiongezeka, linakuwa uji. Jua likiwaka, uji unakuwa msasa. Mota inalazimika kuvuta ampea nyingi zaidi kukipandisha kioo kilekile, na ampea zikizidi, inachemka. Watengenezaji waliliona hilo, wakaweka ndani ya mota nyingi kinga ya joto, kiungo kinachokata umeme mota ikipata moto na kuurudisha ikipoa. Sasa unaelewa kwa nini kioo kinagoma njiani na kinakubali ulipokwisha kunywa chai. Hakikujitibu, kilipoa.

Kiangalie kinavyoshuka. Kikishuka vizuri na kupanda kwa taabu, uzito wake unakisaidia kwenda chini na msuguano unakielemea kwenda juu: mshuku mpira. Baridi ya Juni na Julai huukaza zaidi, kwa hiyo gari linalolala Ilboru linaweza kulalamika alfajiri na kunyamaza saa sita mchana. Dawa yake ni ya bei ndogo kuliko mota yoyote. Shusha kioo, funga kitambaa laini kwenye kibao chembamba, kichovye kwenye maji ya sabuni, usafishe mfereji wote wa mpira kutoka juu hadi chini, ukibadilisha kitambaa mpaka kitoke kisafi. Kitambaa cha kwanza kitakuja cheusi kama masizi ya jiko. Acha ukauke, kisha pulizia silikoni, mafuta mepesi yanayokauka bila kunata. Usitumie oili ya injini, hasa ile chafu ninayoiona ikipakwa kwa brashi: inauvimbisha mpira na kulikaribisha vumbi lote la barabara. Grisi nayo ina mahali pake, kwenye mikono na reli za chuma za mashine, siyo kwenye mpira.

Nikupe sasa kosa langu mwenyewe. Zamani, nikiwa bado fundi kijana mwenye mikono myepesi kuliko masikio, mama mmoja wa Tengeru aliniletea Toyota IST yake. Kioo cha mlango wa abiria wa mbele.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hiki kioo kinanitesa. Leo kinapanda, kesho kimenuna.”

Nikabonyeza, kimya. Nikaufungua mlango wote, nikatoa kava la ndani, nikaigonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikaamka. Nikajisifu moyoni. Ndani ya mota mna brashi, vijiti vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na zikilika, mota huamka kwa kugongwa. Nilikwenda kununua mota ya mtumba, nikaifunga, ikafanya kazi vizuri, mama akalipa na kuondoka. Siku ya tatu alirudi.

“Mwanangu, kimerudia tabia yake. Kinakubali mlango ukiwa wazi tu.”

“Tangu lini, mama?”

“Tangu mwanzo. Si hukuniuliza?”

Nilivuta ule mpira wa kodiani kati ya bodi na mlango. Nyaya zilionekana nzima. Nikaushika mmoja mmoja na kuuvuta kidogo. Mmoja ukarefuka kama mpira wa manati. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika, imebaki nguo ya plastiki peke yake. Mlango ukifunguliwa, ncha mbili za shaba zilisogeleana na kugusana, ukifungwa, zikaachana. Na mimi nilifanya kazi yote nikiwa nimeufungua. Nilikata kipande kibovu, nikaongeza kipande cha waya laini wa unene uleule, nikalehemu kwa risasi, nikafunika, nikaurudisha mpira. Hela ya ufundi ya mara ya kwanza nilimrudishia. Mota yake ya zamani, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, niliitumia kufundishia mpaka ilipopotea.

Waya ule unaturudisha kwenye mfereji, na hapa ndipo somo linapoanza kuwa gumu kidogo, kwa hiyo twende taratibu. Waya wa shaba unaopinda hausukwi kwa uzi mmoja. Umesukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Haukatiki ghafla. Nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine, mpaka zinabaki mbili au moja. Katika hali hiyo chukua mita ya umeme, chomoa plagi ya mota, pima volti kwenye plagi huku mwenzako akibonyeza swichi. Mita itakusomea volti 12, sawasawa kabisa. Utasema: umeme upo, mota haizunguki, basi mota imekufa. Na utakuwa umekosea.

Fikiria mfereji uliozibwa na tope, ukabaki mwanya wa kidole. Ukilifunga lango la chini, maji yatajikusanya polepole mpaka yafikie kimo chake cha kawaida. Atakayepima kimo ataambiwa kila kitu ni sawa. Fungua lango, shamba litapata matone. Mita ya umeme ni lango lililofungwa: inapima ikiwa karibu haivuti chochote, kwa hiyo tope hailioni. Mota ndiyo lango lililofunguliwa. Tufanye hesabu ya Ohm. Tuseme mota ikibeba kioo inafanana na upinzani wa omu 1.5, ikipewa volti 12, inavuta ampea 8. Sasa weka kwenye njia yake kiungo chenye kutu cha omu 1 tu. Upinzani wote umekuwa omu 2.5, na ampea zimeshuka hadi 4.8. Mota yenyewe imebakiwa na volti 7.2, nyingine 4.8 zimeliwa na kutu na kugeuka joto. (Mota halisi inayozunguka haitulii kwenye omu moja kama hesabu hii, lakini sura ya mambo ni hiyo.) Kioo kinajikokota, na mita yako imeapa kwamba hakuna kosa.

Dawa ni kupima njia ikiwa na mzigo. Rudisha plagi kwenye mota na upime kwa nyuma ya plagi wakati mota ikijaribu kuzunguka. Kama volti zilizobaki ni kidogo sana kuliko zile za betri, kuna mnyonyaji njiani, umtafute kipande kwa kipande. Kama huna mita, tengeneza taa ya majaribio kwa balbu ya breki ya wati 21 na nyaya mbili. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 2, kwa hiyo njia yenye upinzani mkubwa haiwezi kuidanganya kirahisi: itawaka hafifu, au haitawaka. Nina mita nzuri kabatini, na bado balbu yangu haikai mbali.

Swichi nayo inastahili neno, hasa kwa sababu ya tabia moja iliyozoeleka. Ndani ya swichi kuna vipande vidogo vya shaba vinavyogusana na kuachana, na kila vinapoachana cheche ndogo huruka na kuacha masizi. Masizi ni upinzani. Ongeza chai ya maziwa iliyomwagika na vumbi, utapata masta inayokataa mpaka uibonyeze kwa hasira. Wengi huipulizia mafuta ya kulainishia kwa juu na kuona imepona. Usifanye hivyo. Oktoba 2012 Toyota iliyaita yarudi kurekebishwa magari yake zaidi ya milioni 7 duniani, yakiwemo Corolla, RAV4 na Yaris, ambayo huku tunaijua zaidi kama Vitz, kwa sababu grisi ndani ya swichi ya vioo ya dereva haikupakwa sawasawa kiwandani. Swichi ilikuwa nzito, na ikipuliziwa mafuta ya madukani ingeweza kuyeyuka na kutoa moshi. Mwaka 2015 kampuni hiyohiyo iliita magari mengine takribani milioni 6.5 kwa tatizo linalofanana nalo. Magari ya aina hizo ndiyo yaliyojaa mitaani kwetu. Swichi safisha kwa kuifungua, kwa dawa maalumu ya kusafishia viungo vya umeme inayokauka yenyewe, na plastiki ikiwa imeshaanza kubadilika rangi kwa joto, ibadilishe bila kuihurumia.

Kuhusu kuufungua mlango sina mengi, kwa sababu mkono hujifunza hilo kwa haraka. Skrubu chache hujificha nyuma ya kishikio na nyuma ya vifuniko vidogo. Zilizobaki ni klipu za plastiki zinazochomoka kwa kuvutwa taratibu kutoka chini. Siku ya baridi huvunjika, basi nunua chache za akiba. Nyuma ya kava utakuta karatasi ya nailoni iliyogandishwa. Wengi huichana na kuitupa. Kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yanayoteleza kwenye kioo yasiingie ndani ya gari. Yanatakiwa yapite mlangoni na kutokea kwenye matundu ya chini. Irudishe, na matundu yale uyazibue kwa kijiti, maana tope la Ngarenanyuki huyaziba na mota huishia kuoga. Kabla hujalegeza mashine, kibane kioo juu kwa tepu imara inayopita juu ya fremu. Kioo cha pembeni cha magari mengi kimekazwa kwa joto kiwandani, na kikipata pigo baya pembeni kinageuka changarawe papo hapo.

Jambo la mwisho huwatisha wanaoanza. Umemaliza, umeifungua betri na kuirudisha, sasa kioo cha dereva kinapanda kwa kuhemahema na hakijiendeshi tena kwa mguso mmoja. Hujakiharibu. Kioo chenye kinga ya kutobana vidole hukumbuka kilipo juu na kilipo chini, na umeme ulipokatika kimesahau. Katika magari mengi ya Toyota unavuta swichi mpaka kifunge kabisa, unaendelea kuishikilia kwa sekunde moja au mbili, na kumbukumbu inarudi. Kwa mengine fuata kitabu cha gari lako.

Jioni ya leo, kabla hujakutana na kioo kibovu hata kimoja, kaa kwenye gari ambalo vioo vyake ni vizima. Injini izime, ufunguo uwashe, taa ya ndani iwake. Pandisha kila kioo peke yake na uhesabu sekunde zake, huku ukiitazama taa. Cha dereva huenda kikachelewa kidogo kuliko cha nyuma, kwa kuwa ndicho kilichofanya kazi zaidi. Kikifika juu endelea kuvuta kidogo tu, usikie mota inapokwama na uone taa inavyofifia. Ziandike sekunde hizo nyuma ya kitabu cha gari, pamoja na tarehe.